Pipa la Maji kwa Mti Uliokufa

Ukitaka kumkasirisha Kalunde, mwaga maji. Si lazima yawe mengi. Kikombe kimoja tu, kimwage hivi hivi kwenye vumbi, halafu usimame karibu uone. Alizaliwa Kanyangi, akakulia kwenye kuteka maji mchangani, na mtu aliyelelewa akichuchumaa kando ya shimo akingoja maji yajikusanye, kata moja, nyingine, hawezi kumtazama mwenzake akimwaga maji akanyamaza. Basi sikia alichofanyiwa mwanamke huyu mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ile njaa ambayo Wakamba waliiita nikw'a ngwete, yaani nitakufa nikiwa nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna unga. Mwenye nyumba wake alimletea pipa zima la maji, akamwambia amwagie mti. Na mti wenyewe ulikuwa umekufa.

Kalunde alikuwa fundi wa nguo mjini Kitui. Watu walimwita Mama Mumbua, kwa jina la binti yake wa pekee, ambaye siku hizo alikuwa ameolewa mjini Salama, kule kwenye barabara kuu. Mumewe alikwenda Kiboko kutafuta kazi mwaka wa sitini na saba, akaipata, akapata na mke mwingine, na sababu za kutorudi zikawa nyingi. Kalunde hakumfuata kumlilia. Alingoja mwaka mmoja na nusu, akachukua cherehani yake, akaomba nafasi kwenye lori la mkaa, akashuka Kitui na kupanga chumba katika nyumba ya ghorofa nyuma ya soko. Hakukihama chumba hicho kwa miaka kumi na mitano.

Nyumba hiyo ilijengwa na Mhindi mmoja mwenye duka, kabla ya uhuru, na stima yake ilikuwa ya wakati huo huo. Waya zilikuwa zimevikwa mpira na kitambaa, zikapitishwa ukutani ndani ya mabomba ya chuma. Mhindi alipouza akaondoka, aliyenunua ni Nzuki, na Nzuki akaipaka rangi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya katika nyumba hiyo, kuipaka rangi. Ndani ya ukuta mpira ulikauka ukapasuka, kitambaa kikawa unga, na kuna vyumba ambavyo ukizima taa swichi inalia kama mafuta kwenye kikaango. Soketi ya chumba cha Kalunde ilikuwa na ufa, na ufa wenyewe ulikuwa umefungwa kwa plasta ya kidonda. Chini ya ngazi kulikuwa na sanduku la fyuzi. Fyuzi ilipokatika, Nzuki hakununua ule uzi mwembamba unaostahili, alikata kipande cha waya wa kufungia nondo akakipachika hapo. Halafu akajisifu kwamba fyuzi zake hazikatiki. Mtu mzima, mwenye nyumba mbili na pikapu, anajisifu kwamba fyuzi haikatiki, na kazi ya fyuzi duniani ni moja tu, kukatika.

Sasa, mwaka wa sabini na tisa ilitoka habari kwamba nyumba zote za zamani za mjini zitakaguliwa stima. Wiki chache kabla ya mkaguzi kufika, Nzuki alikuja na mche wa mpapai kwenye mkebe wa mafuta.

"Mama Mumbua," alisema, "wewe una mkono wa kupanda. Hebu nipandie huu hapa nyuma, karibu na ukuta. Hapa hapa, kando ya hii waya."

Waya aliouonyesha ulikuwa wa kijani, ukishuka ukutani na kuingia ardhini.

"Na maji yote ya kuoshea vyombo na ya kufulia," Nzuki akaendelea, "waambie wapangaji wasitupe ovyo. Wamwage hapa. Papai zikiiva ni zenu."

Kalunde alifurahi, na ni lazima tuseme alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza alimwona mwenye nyumba mwenye akili za watu wa kwao, anayejua kwamba maji hayaishi kazi kwa kutumiwa mara moja. Aliupanda mpapai kwa mikono yake, akauwekea mawe pembeni, akaufanya kuwa sheria. Aliyemwaga maji mahali pengine alikiona. Mke kijana wa Kisomali, Istahil, ambaye mumewe Abukar alikuwa mnunuzi wa mbuzi, alihamia chumba cha pili mwezi huo huo. Siku yake ya kwanza alimwaga maji ya mchele langoni. Kalunde alimgombeza mbele ya nyumba nzima mpaka yule binti akaingia ndani akafunga mlango.

Mkaguzi alikuwa kijana mwembamba kutoka Makueni, jina lake Kiilu. Alizunguka na daftari, akaandika makosa ya soketi, ya swichi, ya waya, na Nzuki akawa anaitikia kila neno, ndiyo bwana, nitarekebisha bwana, kesho asubuhi bwana. Mwisho Kiilu akaja nyuma ya nyumba na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Alipigilia vyuma viwili vidogo ardhini, akaunganisha waya, akazungusha, akatazama mshale. Akatabasamu.

"Hapa mko sawa," alimwambia Kalunde, aliyekuwa amesimama hapo na beseni lake. "Unaona mama, stima ikitoroka ndani ya ukuta ikashika chuma, huu waya wa kijani unaishusha chini, ardhi inaimeza. Lakini ardhi kavu haimezi. Hapo stima inangoja mtu aguse. Hii yenu ina unyevu mzuri."

"Ni mimi ninayeinywesha," Kalunde akasema kwa majivuno.

Kiilu akacheka, akaandika kwamba nyumba imepita, ila yale makosa madogo mwenye nyumba ayarekebishe. Nzuki hakurekebisha hata moja. Alichokitaka ni ile karatasi, akaipata, akaitia kwenye fremu.

Miaka mitano ilipita. Mpapai ukakua, ukazaa, wapangaji wakala. Na Istahil na Kalunde, baada ya ule ugomvi wa maji ya mchele, wakawa hawaachani. Ilianza kwa vifungo. Kalunde alikuwa hodari wa kukata na kushona kwa cherehani, lakini matundu ya vifungo yanataka sindano ya mkono, na mkono wake ulikuwa mzito. Istahil alikuwa na vidole ambavyo hujawahi kuviona. Alishona tundu la kifungo huku anakutazama usoni na kukusimulia habari za shangazi yake, na ukiligeuza huoni upande wa nje ni upi. Sare za shule zilizotoka kwenye veranda alikoshonea Kalunde zilijulikana mpaka Kanyangi, na watu walisema ni kazi ya Mama Mumbua. Mama Mumbua mwenyewe alijua nusu ni ya nani.

Halafu mvua ya themanini na nne ikakataa. Mfereji wa nyumba, mmoja kwa wapangaji wote, ukawa unatoa maji siku moja kwa wiki. Siku nyingine watu walishuka na mitungi hadi mto Kalundu, wakachimba mchanga, wakangoja. Ndani ya nyumba maji yalitumika mpaka yakachoka. Ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yaliosha miguu, ya miguu yalipiga deki, na baada ya hapo hakuna kitu kinachobaki cha kumwaga popote. Mpapai ulidondosha majani. Kufika mwezi wa sita ulikuwa mti mkavu uliosimama peke yake.

Mwezi huo huo stima ikaanza kuuma. Ukigusa mfereji, unasikia kitu kinatambaa mkononi. Ukishika mlango wa chuma wa choo, hivyo hivyo. Wapangaji walimwambia Nzuki. Nzuki alisema huko ni kutekenywa tu, na anayesumbuka avae viatu vya mpira.

Viatu vya mpira. Kalunde alilirudia neno hilo wiki nzima akikanyaga cherehani, na kila aliporudia, mguu ulikanyaga zaidi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane maji yalikuja. Istahil alitoka haraka na karai lake, peku, akasimama kwenye saruji iliyolowa, akashika mfereji kwa mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Kalunde alikuwa kwenye veranda anapima kitambaa, akainua macho, akamwona mwenzake amesimama hapo mwili mzima unatetemeka, mdomo wazi, mkono umegandia pale. Alijua asimguse. Alikimbia na rula yake ndefu ya mbao, akampiga mkono ule kwa nguvu zake zote, mara mbili, mpaka ukabanduka, na Istahil akaanguka chini.

Alipona. Watu walisema Mungu ni mkubwa, na kweli ni mkubwa. Lakini kiganja kilikuwa kimeungua mpaka ndani, na kilipofunga, kidole gumba na kile cha kando yake havikukunjika tena. Istahil hakuweza kushika sindano. Nzuki alikuja kumwona na pakiti mbili za maziwa. Alisema pole, halafu akasema kosa lilikuwa kushika mfereji na mkono wenye maji, kana kwamba kuna mtu anayechota maji na mkono mkavu. Abukar alimtazama tu. Kalunde alitoka nje, maana angebaki humo angeitumia ile rula tena.

Kesho yake alikwenda ofisi ya wakaguzi. Aliambiwa aandike barua. Aliandika, akaipeleka, akaambiwa barua ya nyumba huandikwa na mwenye nyumba. Hebu fikiria hilo. Aliyepigwa na stima akae kimya, na anayempiga ndiye aandike barua ya kujishtaki. Mara ya tatu Kalunde hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi na suruali ya mteja, akaanza kupiga pindo, na alipoambiwa ofisi inafungwa kwa chakula cha mchana akasema hana njaa. Alasiri mlango wa ndani ukafunguka akatoka Kiilu, sasa ana miwani na tumbo.

"Mama, nakukumbuka," alisema. "Ile nyumba ya mpapai. Mbona ilipita vizuri?"

"Njoo uione sasa," Kalunde akajibu, "kabla hatujazika mtu."

Kiilu aliahidi Jumanne ya wiki mbili zijazo. Alisema kweli kabisa kwamba sheria inamtaka amtumie mwenye nyumba taarifa kwanza. Basi Nzuki akapata barua.

Na Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya ukaguzi, pikapu ya Nzuki ikarudi nyuma hadi ukutani ikiwa na pipa zima la maji.

Wanawake watatu walikuwa ndio kwanza wanatoka mtoni na mitungi mgongoni, kamba za mitungi kwenye paji la uso. Walisimama. Walilitazama lile pipa likiteremshwa, na maji yakicheza juu kwenye mdomo wake.

"Mama Mumbua, habari ya asubuhi," Nzuki akasema.

"Nzuri, mzee."

"Nimekuletea maji."

Kalunde aliweka mkasi chini. Alikaribia kumshukuru, na baadaye aliona aibu kwamba alikaribia. "Mungu akubariki, mzee. Watu wameteseka."

"Hapana, si ya watu. Ni ya mpapai."

"Mpapai gani?"

"Si huu wetu?"

"Mzee, huo mti umekufa tangu mwezi wa sita."

"Mizizi iko hai. Mwaga yote hapo kwa shina, polepole, leo mchana kutwa. Kama itabaki, kesho alfajiri umalizie. Sitaki ibaki hata ya kunawa uso, umesikia?"

"Watoto wa hii nyumba hawajaoga tangu Jumapili ya juzi."

"Kwani mimi ndiye mvua?" Nzuki akafungua mlango wa pikapu. "Hiyo veranda unashonea nimekuachia bure miaka mingapi? Nikikuomba kitu kidogo, nifanyie."

Akaondoka. Kalunde alibaki amesimama kati ya pipa na mti, na hasira aliyokuwa nayo kwanza ilikuwa ya maji tu. Maji masafi, ya kunywa, kwa gogo. Aliutikisa ule mti kwa mkono, ukalia mkavu, ndani mtupu. Mtu kama Nzuki, ambaye hakuwahi kuleta hata msumari, anakodi pipa kwa ajili ya gogo? Na kwa nini leo?

Hapo akauona waya wa kijani.

Alichukua kijiko kikubwa cha sufuria akachimba kando ya shina. Udongo ulikuwa mgumu kama kigae, na chini yake, katikati ya mizizi iliyokauka, waya ulikuwa umefungwa kwenye kichwa cha chuma. Mpapai ulikuwa umekaa juu yake sawasawa, pale pale alipoonyeshwa apande. Maneno ya Kiilu ya miaka mitano iliyopita yalimrudia yote, ardhi kavu haimezi, hapo stima inangoja mtu aguse. Kalunde alikaa chini kwenye vumbi.

Haukuwahi kuwapo mti. Ilikuwapo njia ya kulowesha chuma bila mkaguzi kushuku, na bila Nzuki kubeba hata ndoo moja. Nzuki aliwajua wapangaji wake. Alijua Mkamba hamwagi maji bure, mpe tu mti wa kuyapokea. Na alijua ni nani katika nyumba ile atakayewasimamia wengine bila malipo, kwa ukali, kila siku, akidhani anafanya jambo jema. Miaka mitano Kalunde alikuwa amelifanyia kazi kosa lile lifichike. Na njaa ilipokuja maji yakakosekana, stima ikatafuta mahali pengine pa kwenda, ikampata Istahil.

Alimkasirikia Nzuki, ndiyo, lakini hasira ya kumkasirikia Nzuki aliizoea. Iliyomchoma ni ya kujikumbuka yeye mwenyewe na beseni lake, akimwambia mkaguzi kwa majivuno, ni mimi ninayeinywesha.

Akainuka, akajipangusa vumbi, akaita wapangaji wote.

"Leteni mitungi," alisema. "Mwenye nyumba ametuletea maji."

Walikuja mbio. Istahil alikuwa wa kwanza kujaziwa, na Kalunde ndiye aliyembebea. Watoto waliogeshwa mchana kweupe. Watu walipika, wakanywa chai ya kushiba, na wakambariki Nzuki, yeye na kizazi chake. Kalunde alizisikia baraka hizo akasaga meno. Ilipofika jioni pipa lilikuwa tupu, na kwenye shina la mpapai halikuwa limeanguka hata tone.

Angeweza kumwambia Istahil siku hiyo. Hakumwambia. Alimpa maji akarudi kwake.

Jumanne saa nne Kiilu alifika. Nzuki naye alikuja, amevaa koti, amebeba ile karatasi ya zamani ndani ya fremu. Wapangaji walisimama nyuma ya nyumba kutazama, na Istahil alikaa kwenye ngazi, mkono wa kulia mapajani. Kiilu alipotaka kupigilia vyuma vyake ardhini, nyundo iliruka. Alijaribu mahali pengine, ikaruka tena. Nzuki alishusha macho kwenye shina la mpapai, akayainua kwa Kalunde. Kalunde alimtazama bila kupepesa.

Mwishowe vyuma vikaingia kidogo. Kiilu alizungusha mashine, akatazama mshale, akaupiga kioo kwa kidole, akazungusha tena.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Ni kama huu waya umeishia hewani."

"Pima tena," Nzuki akasema.

"Nimepima mara mbili, mzee."

"Basi hiyo mashine yako ni mbovu. Haiwezekani. Maji nimeleta jana, pipa zima!"

Kiilu alivua miwani.

"Maji ya nini, mzee?"

Nzuki alifungua mdomo. Alitazama huku na huku. "Ya mti," akasema.

Na wapangaji wote, wale waliombariki jana yake, wakageuka kuutazama ule mti mkavu usio na jani. Kiilu hakuuliza tena. Alipiga magoti, akafukua na bisibisi pale alipokuwa amefukua Kalunde, akakishika kile chuma kwa mikono miwili akavuta. Kilitoka kama muhogo. Chuma ambacho kingetakiwa kushuka ardhini kupita urefu wa mtu kilikuwa kipande cha nondo kisichofika hata kiwiko. Kiilu alikiweka juu ya fremu ya karatasi aliyoisaini mwenyewe, na uso ukamshuka kwa aibu.

Alikwenda kwenye sanduku la fyuzi, akatoa vile vipande vya waya wa nondo kimoja kimoja, akavitia kwenye bahasha. Halafu akakata stima ya nyumba nzima, akafunga sanduku kwa muhuri, akaandika kurasa nne. Alisema hairudi mpaka waya zote zing'olewe na chuma kipya kizamishwe, na kwamba atakuja kupima katikati ya kiangazi, bila barua.

Usidhani watu walimshangilia Kalunde. Kinyozi wa chini alisema mashine yake ya kunyolea sasa ni kopo tu. Mama mwenye friji ya soda alisema kuna watu hupenda kujifanya serikali. Nzuki, kabla ya kuingia kwenye pikapu, alimwendea Kalunde karibu kabisa.

"Mwisho wa mwezi uitoe hiyo cherehani kwa veranda yangu."

"Nitaitoa," Kalunde akasema. "Siku stima itakaporudi imesainiwa, nitaitoa. Kabla ya hapo njoo unitoe mwenyewe, na uje na polisi, nami nitawaonyesha mti wako."

Nzuki hakuja na polisi. Lakini hayo ni ya baadaye, na kwa Kalunde siku hiyo haikuwa imeisha. Watu walipotawanyika, Istahil alibaki pale pale kwenye ngazi. Mapajani alikuwa na shati la sare, na sindano kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa akijifunza. Uzi ulikuwa umejiviringa fundo juu ya fundo.

Kalunde alikuja akasimama mbele yake.

"Istahil. Huo mti niliupanda mimi. Aliniambia nipande hapo nikapanda. Mlipokuwa mkiniona nawagombeza kwa maji, nilikuwa namfichia kosa lake. Sikujua. Jana ndio nimejua."

Istahil aligeuza macho. Kwenye mti palikuwa na kuku anaparua kwenye shimo.

"Siku yangu ya kwanza hapa," akasema, "ulinigombeza kwa sababu ya maji ya mchele."

"Nakumbuka."

"Nililia, Mama Mumbua. Halafu nikasema, huyu ni mkubwa, anajua. Miaka mitano nimenywesha huo mti kila siku ya Mungu." Akainua mkono wa kulia, vidole viwili vimesimama vyenyewe. "Kwa mkono huu."

Istahil aliingia ndani, akatoka na panga la Abukar, akaenda kwenye mpapai. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Panga likateleza, likagonga ukuta. Akapiga tena, likateleza tena. Akageuka, akamnyooshea Kalunde mpini.

"Kata wewe. Ulipanda wewe."

Kalunde alikata. Mpapai si mti mgumu, ulianguka kwa pigo la pili, na ndani yake kulikuwa na vumbi. Aliporudi kwenye ngazi anahema, Istahil alikuwa ameshakaa, na alikuwa amelitandika lile shati mahali Kalunde angekaa, sindano juu yake.

"Ziko shati kumi," akasema. "Matundu yote ya vifungo utashona wewe. Kwa mkono."

Kalunde alikaa. Aliushika uzi kwa vidole vyake vizito, akashona tundu la kwanza, jasho likimtoka, akampa mwenzake. Istahil alilitazama juu, akaligeuza, akalitazama chini.

"Baya," akasema. "Fumua."

Kalunde akafumua.